Fäbod ni nini?

Fäbod ni kambi ya mifugo iliyojengwa msituni au mlimani, mbali na kijiji. Huko ndiko wakulima wa katikati na kaskazini mwa Uswidi, hasa Dalarna, Jämtland, Härjedalen na Hälsingland, walikohamishia ng'ombe na mbuzi wao majira ya joto. Inafanana kidogo na ronjo za Wamaasai, ila waliokwenda na mifugo hawakuwa vijana wa kiume. Walikuwa wanawake na wasichana.

Kwa nini wahame wakati hata kijijini majani yameota? Sababu ni baridi. Theluji ikianguka, ng'ombe hufungiwa bandani zaidi ya nusu mwaka, na chakula chao chote ni majani yaliyokaushwa. Kila alichokula ng'ombe karibu na nyumba mwezi Julai kilipunguza akiba ya Januari. Kwa hiyo mifugo iliondolewa, na waliobaki kijijini wakafyeka majani, wakayaanika na kuyajaza ghalani. Siku hizi fäbod hupambwa sana kwenye picha za watalii, lakini asili yake ni hesabu ya njaa.

Kambi ilikuwa na vibanda vichache vya magogo: cha kulala na kupikia, cha mifugo, na chumba cha baridi cha kuwekea maziwa. Alfajiri wanawake walikamua, kisha wakaswaga ng'ombe msituni. Mchungaji alivaa mfuko wa chumvi kiunoni, maana ng'ombe humfuata mwenye chumvi. Walipotawanyika, aliwaita kwa kulning, mwito wa sauti nyembamba na kali unaopenya msitu hadi mbali sana. Dubu na mbwa mwitu walitishwa kwa baragumu.

Uchungaji ukawa kazi ya kike hata kwa amri: mwaka 1686 Mfalme Karl XI alikataza wavulana kuchunga, kwa hofu kwamba wangewaingilia wanyama.

Maziwa hayakuweza kubebwa kijijini kila siku, hivyo yaligeuzwa siagi na jibini papo hapo. Hata maji yanayobaki jibini ikishaganda hayakumwagwa. Yalichemshwa kwa saa nyingi kwenye sufuria kubwa, huku mtu akikoroga yasiungue, mpaka yakawa uji mzito wa rangi ya kahawia, mtamu wenye uchachu kidogo. Huitwa messmör, na Waswidi bado wanaupaka kwenye mkate.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 wakulima walianza kupanda majani ya malisho mashambani, na viwanda vya maziwa vikanunua maziwa mabichi. Kambi nyingi zikaachwa. Zilizobaki hai ni chache, na Desemba 2024 UNESCO iliingiza desturi hiyo, pamoja na seter, kambi za aina hiyo za Norway, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.