Upandikizaji mimba: njia ya ghali si lazima iwe bora

Tumezoea kusema rahisi ghali, na wanandoa wengi wanaosaka mtoto huamini hivyo wanapopewa karatasi ya bei ya upandikizaji mimba: njia ya sindano, iliyo ghali zaidi, ndiyo ya uhakika. Sivyo, na inaniuma watu wanapouza kiwanja kwa imani hiyo.

Katika upandikizaji wa kawaida, yai huwekwa kwenye kisahani pamoja na maelfu ya mbegu za kiume, moja ikajipenyeza yenyewe. Kwa sindano, mtaalamu wa maabara, jicho kwenye darubini, huinasa mbegu moja kwa kisindano cha kioo chembamba kuliko unywele na kuidunga ndani ya yai. Kwa mwanamume mwenye mbegu chache au dhaifu, njia hii imekuwa mkombozi tangu mtoto wa kwanza azaliwe Brussels, 1992.

Mbegu zikiwa nzima je? Nchini Vietnam wanandoa 1,064 wa namna hiyo waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja sindano, jingine njia ya kawaida. Matokeo yakatoka 2021. Waliopata mtoto hai ni asilimia 35 kwa sindano na 31 bila sindano, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haithibitishi lolote. Kabla ya kulipa, ombeni majibu ya kipimo cha mbegu, kisha mwulizeni daktari sindano hiyo inatibu nini hasa kwenu.