Mafunzo ya Awali ya Udereva wa Lori na Basi Marekani: Maana Yake

Nchini Marekani, anayetaka kuendesha lori kubwa au basi kama kazi huhitaji leseni ya biashara iitwayo CDL, na tangu tarehe 7 Februari 2022 mwombaji mpya haruhusiwi kufanya mtihani wa vitendo wa leseni hiyo kabla ya kumaliza mafunzo ya awali ya udereva, yanayojulikana kwa herufi ELDT. Mafunzo haya si leseni wala si mtihani, bali ni sharti linalotangulia mtihani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko, hata aliyeendesha semitrela miaka mingi kati ya Mombasa na Kampala, huhesabiwa kuwa wapya wanapoomba CDL kwa mara ya kwanza.

Sharti linamhusu anayeomba daraja A, yaani kichwa kinachovuta tela zito, au daraja B, yaani gari moja lenye uzito wa paundi 26,001 au zaidi, ambao ni takriban kilo 11,800. Anayetaka kibali cha kubeba abiria, cha basi la shule au cha mizigo ya hatari kwa mara ya kwanza naye hupitia mafunzo yake, ingawa kwa mizigo ya hatari ni nadharia tu. Aliyekuwa tayari na leseni au kibali husika kabla ya tarehe ile harudi darasani.

Nadharia inaweza kusomwa hata kwa intaneti, na mwanafunzi hana budi kupata angalau asilimia 80. Vitendo hufanyika uwanjani na barabarani, ndani ya gari halisi. Mashine ya kuigiza udereva haikubaliki badala yake. Hapo ndipo mwanafunzi hujifunza kupiga rivasi na tela, na kukagua gari kabla ya safari. Katika ukaguzi wa breki za upepo, kwa mfano, huzima injini, huwasha swichi, kisha hukanyaga na kuachia pedali huku akitazama geji: onyo la upepo mdogo lazima lianze mapema, na upepo ukiendelea kushuka, kitufe cha breki ya kuegeshea huruka chenyewe. Dereva aliyekisikia kikiruka anajua gari lake litafanya nini siku upepo utakapovuja akiwa njiani.

Mkufunzi au chuo lazima kiwe kwenye daftari la FMCSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari ya biashara, na ndicho kinachotuma taarifa huko kwamba mwanafunzi amehitimu. Cheti cha chuo kisichosajiliwa, hata kikiwa na mihuri mingapi, hakimfungulii mtu mlango wa mtihani.

Pendekezo la mwaka 2016 lilitaka angalau saa 30 za vitendo kwa daraja A, lakini kanuni iliyopitishwa Desemba mwaka huohuo iliondoa kiwango hicho na kumwachia mkufunzi aamue kama mwanafunzi ameiva. Kwa maoni yangu huo ni udhaifu mkubwa, kwa kuwa chuo kimoja kinaweza kumpa mwanafunzi wiki nzima nyuma ya usukani na kingine siku chache. Kabla ya kulipa ada, muulize mkufunzi: nitashika usukani mimi mwenyewe kwa saa ngapi, na tutakuwa wanafunzi wangapi katika lori moja?