Jangwani hakuna ndege?

Hapa Goma, mtu akisikia Mzungu amelipa nauli kwenda jangwani kutazama ndege, hucheka: huko si mchanga mtupu? Sivyo. Fika Eilat, mji wa jangwani kusini mwa Israeli, mwezi wa tatu, ndege wanaporudi Ulaya na Asia kutoka Afrika. Korongo na tai hupaa kwa hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Hewa hiyo hukosekana juu ya bahari, basi ndege hao hupitia nchi kavu na kubanana hapo. Ndege wadogo waliovuka Sahara hutua penye kichaka chochote, kidari kimechomoza kwa njaa, wamechoka hata kuogopa watu. (Mwezi wa saba, sawa, wanaocheka wana haki kidogo.)

Na mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya zetu za umeme Novemba? Wamo waliozaliwa Ulaya.