Hapana, uwakili Marekani hausubiri uraia

Juzi tena. Dogo mmoja ana LL.B. yake (digrii ya kwanza ya sheria) ya nyumbani, hapa New York yuko mwaka wa pili anaendesha teksi, nikamuuliza mbona bar, yaani mtihani wa uwakili, hujaanza kuushughulikia, akanijibu "kaka, si mpaka nipate uraia kwanza?" Nimeisikia hii harusini, msibani, kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila anayeiamini anapoteza miaka. Inaniuma kweli.

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mama mmoja Mholanzi, Griffiths, aliyezuiwa kufanya mtihani wa uwakili Connecticut kwa sababu tu hakuwa raia. Akashinda. 1973 jamani, wengi wenu hamjazaliwa! Na 2014 Mahakama ya Juu ya California ikamruhusu Sergio Garcia kupewa leseni, na huyo hakuwa na makaratasi kabisa. Mnachochanganya ni vitu viwili: leseni inatoka kwa mahakama za jimbo, kibali cha kazi kinatoka serikali ya Washington, na unaweza kuwa na kimoja bila kingine. Kwa hiyo wewe mwenye grini kadi au uliyepewa hifadhi, unasubiri nini?

Kinachochelewesha watu ni karatasi za chuo. New York wanaangalia LL.B. yako ni ya miaka mingapi, ulisoma darasani, na nchi yako inafuata common law, yaani mfumo wa sheria wa Kiingereza. Ukitimiza unaenda mtihani moja kwa moja, ukipungukiwa wanaweza kukutaka ufanye LL.M. (digrii ya pili ya sheria) ya krediti 24. Sasa watu wanakimbilia kukopa hela ya LL.M. kabla bodi ya mitihani haijawajibu, wakati pengine hata hawaihitaji! Omba tathmini kwanza. Na matokeo yako lazima yatoke chuoni yaende kwao moja kwa moja, mimi nilibeba yangu mkononi, yana mhuri na kila kitu, yakakataliwa, nikaanza upya kupiga simu Dar usiku wa manane nikimbembeleza karani.

Mtihani wenyewe nilioufanya ni siku mbili, maswali 200 ya kuchagua pamoja na insha, unatakiwa 266 kati ya 400. MPRE (mtihani wa maadili ya uwakili) na zile saa 50 za kujitolea mtazisoma wenyewe. Niseme ukweli, siamini kwamba yale maswali 200 yanapima kama mtu atakuwa wakili mzuri, nimeona waliofeli mara mbili wakawatetea watu vizuri kuliko mimi.

Nikaingia kwenye kesi za majeraha kwa sababu hao ndo walionijia: waliogongwa na magari, walioanguka kwenye ngazi za ujenzi. Na wao wana imani ileile, kwamba huna makaratasi basi huna haki. Sio kweli, mahakama ya juu kabisa ya New York ilishasema 2006 kwenye kesi ya Balbuena kwamba fundi aliyeumia kazini anaweza kudai hata mshahara alioukosa, awe na makaratasi asiwe nayo. Ila wahi: ukitaka kuidai manispaa taarifa inatakiwa ndani ya siku 90, na watu wanakuja siku ya 100 wanalia.

Kinachoninyima usingizi ni bei ya maumivu. Bili za hospitali unajumlisha, mshahara unajumlisha, lakini mgongo unaouma kila ukiinama kumuogesha mtoto unauwekea shilingi ngapi? Hamna fomula. Nimeshamshauri mteja akubali hela ya bima na mpaka leo najiuliza kama tungesubiri.

Na hapa Kiswahili chako ni mtaji, msiudharau. Mzee mmoja alihojiwa chini ya kiapo, akasema aliumia mkono, ajali ilikuwa saa nane mchana. Mkalimani akatafsiri kiganja ("hand"), akatafsiri "8 o'clock". Karatasi za hospitali zinasema bega, ripoti ya polisi inasema "2 p.m.", wakili wa bima akaanza kumuita muongo mbele yetu, mzee wa watu anashangaa tu. Kwetu mkono unaanzia begani mpaka kwenye vidole na saa nane ndo saa nane, kosa lake liko wapi? Ilibidi nisimamishe mahojiano, nieleze tunavyohesabu saa, na tukatumia wiki kadhaa kurekebisha kumbukumbu.

Siku hizi mteja akisema mkono au mguu namwambia baba, gusa panapouma. Anagusa. Halafu nasema kwa sauti ili mwandishi wa mahojiano aandike: ameshika bega la kulia.