Jenerali wa vita na rais anayependwa: funzo la Sri Lanka

Kila vita vinapomtoa jenerali mwenye jina, sisi tunaochambua chaguzi huulizwa: je, anaweza kumng'oa rais anayependwa? Mimi huanzia Sri Lanka, kwa Sarath Fonseka.

Alikabidhiwa jeshi la nchi kavu Desemba 2005. Aprili 2006 mshambuliaji wa kujitoa mhanga alimjeruhi vibaya ndani ya makao makuu ya jeshi, Colombo. Akapona, akarudi kazini, na Mei 2009 wapiganaji wa Tamil Tigers, waasi waliotaka nchi ya Watamil, wakashindwa kabisa. Muda si mrefu akahamishiwa cheo chenye heshima tele na amri kiduchu. Novemba akajiuzulu, akaingia ulingoni.

Rais Mahinda Rajapaksa alikuwa ameitisha uchaguzi kabla muda wake haujaisha, shangwe za ushindi zingali moto. Januari 26, 2010 alipata asilimia 57.88, jenerali 40.15.

Utamu uko kwenye matokeo ya wilaya. Fonseka aliongoza Jaffna, Vanni, Batticaloa na Trincomalee, yaani kaskazini na mashariki wanakoishi Watamil wengi, ambako yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka vita! Vijiji vya kusini vya Wasinhala, jamii kubwa zaidi nchini, vilivyolijaza jeshi lake vijana, vilibaki na rais. Kwao ushindi ulikuwa na mwenyewe tayari: rais ndiye amiri jeshi mkuu, na mdogo wake Gotabaya ndiye katibu wa Wizara ya Ulinzi. Jenerali angelaumu nini? Vita vyenyewe vilikuwa vyake. Akabaki na hoja za rushwa na undugu madarakani, huku akibebwa na vyama vya upinzani visivyoivana hata kidogo: UNP cha mrengo wa kulia na JVP cha Kimaksi. Isitoshe, siku ya kura jina lake halikuwamo kwenye daftari la wapiga kura. Wiki mbili baadaye alikuwa mikononi mwa polisi jeshi.

Ndiyo maana mimi sihesabu nyota za mabegani; natazama nani anatoka ndani ya chama tawala, na anatoka na kura za nani. Mwaka 2015 Maithripala Sirisena, katibu mkuu wa chama cha rais na waziri wake wa afya, alimwangusha Rajapaksa kwa asilimia 51.28. Kura za Watamil alizipata kama Fonseka, ila aliongeza za wakulima wa kwao Polonnaruwa, wilaya ambayo 2010 ilikuwa ya Rajapaksa.

Sirisena alimvisha Fonseka cheo cha fildimashali. Fonseka alipogombea tena urais 2024, hakufikisha hata asilimia 1.