Nani Atawavusha Lufira? Taifa Dogo na Vita vya Mbali

Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi utavuka mto Lufira. Abiria wengi hata hawainui macho. Wanawaza malori ya shaba yaliyo mbele yao na jinsi dereva atakavyoyapita. Mimi kila nikifika pale huwaonyesha daraja niliosafiri nao. Safari moja dereva aliniuliza kama Waayalandi waliwahi kuwa na mgodi Likasi. Nikamjibu hapana, walikuwa na askari, na askari hao walikosa maji ya kunywa kwa sababu ya daraja hili.

Nalileta jambo hili kwa sababu ya swali la mama mmoja wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, katika kikao chetu cha elimu kwa umma. Mwanawe ni askari. Alisimama, akaweka kikapu chini, akasema: «Profesa, bale batoto ba Malawi, ni nani alibatuma kukuya kufwa huku kwetu?» Alikuwa anasema juu ya Januari 2025, vita vya Sake na Goma, mashariki mwa Kongo, ambamo waliuawa askari 14 wa Afrika Kusini na 3 wa Malawi. Malawi haina hata mpaka na Kongo. Siku ile nilimjibu kwa maneno machache, nikaona usoni mwake kwamba hayakumtosha. Basi haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Tuanze na sheria, nayo sitaiongeza urefu. Hati ya Umoja wa Mataifa, ibara ya 2, inakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Halafu inaacha njia mbili: kujilinda, wewe mwenyewe au pamoja na wenzako, chini ya ibara ya 51, na ruhusa ya Baraza la Usalama chini ya sura ya 7. Kando ya hizo kuna mwaliko wa serikali yenyewe, yaani mwenye nyumba anapoita majirani. Kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilikuja kwa mwaliko wa Kinshasa, kwa kutegemea mkataba wa ulinzi wa pamoja ambao nchi zake ziliutia saini mwaka 2003, na uamuzi wa kukituma ulipitishwa na wakuu wa nchi hizo Windhoek, tarehe 8 Mei 2023. Kwa hiyo wale vijana wa Malawi hawakuwa wavamizi. Mama hakuuliza hilo, lakini ni lazima lisemwe kwanza, maana mitaani linasemwa vingine.

Vita vya Iraki vya mwaka 2003 vilikuwa jambo tofauti kabisa. Baraza la Usalama halikutoa ruhusa iliyo wazi, na Septemba 2004 Kofi Annan, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alisema hadharani kwamba vita vile vilikuwa kinyume cha sheria. Hata hivyo Marekani ilitangaza orodha ndefu ya nchi zilizounga mkono, na ndani yake walikuwemo wadogo wa ajabu: Palau, visiwa vya Marshall, Mikronesia, Iceland, Kosta Rika. Kati ya hizo tano hakuna yenye jeshi. Nikiwafikisha wanafunzi wangu hapo huwa wanacheka, na mimi huwaacha wacheke kidogo, kisha nawauliza: kama huna hata bunduki moja, unaombwa nini? Unaombwa jina lako. Mkubwa anayekwenda vitani bila ruhusa anahitaji majina mengi, ili aseme hayuko peke yake.

Kosta Rika ilifuta jeshi lake mwaka 1948. Mwanafunzi mmoja wa sheria alikwenda mahakamani kulalamika kwamba serikali imeliweka jina la nchi katika vita, na Septemba 2004 mahakama ya katiba ikampa haki na kuufuta uamuzi wa serikali, na ikaagiza nchi iombe kuondolewa kwenye ile orodha. Mwanafunzi! Nawapa habari hiyo wale wa mwaka wa pili wanaodhani somo la katiba ni la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Sasa, kwa nini mdogo anakwenda? Mara chache ni kwa ajili ya nchi anayokwenda kupigania. Norwei ilifanya jambo ambalo mataifa mengi hayathubutu: iliunda tume ichunguze miaka yake ya Afghanistan, na mwaka 2016 tume ikatoa ripoti. Malengo yalikuwa matatu: kuwa rafiki mwema wa Marekani na NATO, kuzuia ugaidi, na kusaidia kujenga dola la Afghanistan. Tume ikasema ni lile la kwanza tu lililofikiwa kweli. Norwei ilipoteza askari 10 huko. Urafiki una bei, na wao angalau walikaa wakaihesabu.

Je, urafiki huo hulipa siku ya shida? Georgia ilikuwa na askari kama 2,000 Iraki wakati Urusi ilipoingia nchini mwake Agosti 2008. Ndege za Marekani ziliwabeba askari hao haraka kuwarudisha nyumbani, na hilo si dogo. Lakini hakuna askari wa Marekani aliyeteremka kupigana kando yao. Fiji nayo ilianza kutuma watu wake Lebanon mwaka 1978, na familia nyingi zimekula na kusomesha watoto kwa mshahara wa kofia za buluu, yaani walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa hulipa serikali zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari. Ila jeshi lililonenepa kwa kazi za nje lilipindua serikali nyumbani mwaka 1987, mara mbili katika mwaka mmoja, na aliyeongoza, Sitiveni Rabuka, alikuwa amewahi kuongoza kikosi kule Lebanon. Fedha ya ulinzi wa amani si mbaya, lakini serikali inayoizoea hukawia kusema «basi, turudi».

Turudi Lufira, kwa maana mfano ninaouamini kuliko yote uko hapa kwetu.

Ayalandi ya mwaka 1960 ilikuwa na watu wasiofika milioni 3. Nchi isiyofungamana kijeshi, iliyoingia Umoja wa Mataifa miaka 5 tu kabla. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipoomba askari kwa ajili ya Kongo, ikakubali, na mpaka 1964 kama askari wake 6,000 walikuwa wamepita nchini mwetu. Wa kwanza walishuka wakiwa na sare za sufi nzito za kwao. Sufi, Kongo! Tarehe 8 Novemba 1960 doria yao ya watu 11 ilishambuliwa Niemba, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Tanganyika, na Baluba ambao, kama inavyoelezwa kwa kawaida, waliwadhania mamluki wa Katanga. Walikufa 9. Waliokuja kutenganisha wagombanao walionekana kama upande mmojawapo, na kijiji hakikuwa na njia ya kujua tofauti: Mzungu mwenye bunduki ni Mzungu mwenye bunduki.

Mwaka uliofuata kompania moja yao, watu wapatao 155, ilipelekwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Ombi lilitoka Ubelgiji, kwamba Wazungu wa mji wanataka ulinzi. Walipofika, Wazungu wale hawakuwataka hata kuwaona. Wengi walikuwa upande wa Moïse Tshombe na Katanga yake iliyojitenga tangu Julai 1960. Alfajiri ya tarehe 13 Septemba 1961, hapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Umoja wa Mataifa ulianza operesheni ya kukamata posta na redio. Asubuhi hiyohiyo jandarma wa Katanga na maofisa wao mamluki wakawashambulia Waayalandi wa Jadotville, wengi wakiwa kwenye misa.

Walipigana siku 5 na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Ndege moja ya Katanga aina ya Fouga iliwapiga kutoka juu, na Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita ya kuijibu. Maji ya bomba yalikatwa. Kikosi cha kuwaokoa kilitoka Elisabethville mara mbili, na mara mbili kikakwama pale darajani, Lufira, kwa kuwa upande wa pili ulishikwa na jandarma. Helikopta moja ikafaulu kutua na maji. Walipofungua mabidoni, maji yakanuka mafuta: yalikuwa yametiwa katika vyombo vilivyobeba mafuta, na hayakunyweka. Tarehe 17 wakasalimu amri. Walikaa kifungoni zaidi ya mwezi mmoja, na waliporudi kwao walionekana kama watu wa aibu. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla serikali yao haijakiri kwamba hawakukosa kitu. Nishani zao zilitoka mwaka 2017, wakati wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mabidoni hayo nayafikiria sana. Hayakutiwa mafuta na adui. Ni mtu wa upande wao, mahali fulani, mwenye haraka, aliyejaza maji bila kunusa. Taifa dogo likijiunga na jeshi la mkubwa, ndege ni za mwingine, ramani ni za mwingine, chakula ni cha mwingine, na amri inatoka kwa mtu ambaye huenda hajawahi kutia mguu kwenye daraja unalolitegemea. Askari wako wanabaki kuwa wako kwenye jambo moja tu, nalo ni jeneza.

Nataka msomaji aone kitu kingine: Ayalandi haikukimbia. Jumla ya askari wake 26 walikufa Kongo, na bado iliendelea kutuma walinzi wa amani, Kupro, Lebanon na kwingine. Ilichofanya ni kujifunga. Ikajiwekea kanuni kwamba askari zaidi ya 12 hawatoki kwenda kazi ya vita nje mpaka patimie mambo matatu: ruhusa ya Umoja wa Mataifa, uamuzi wa serikali na kura ya bunge. Siku hizi wanabishana kama waondoe hilo la kwanza, maana huwapa wakubwa wa Baraza la Usalama uwezo wa kuwazuia. Mimi ningeliacha. Lakini hata mabishano yao nayahusudu: wanabishana kabla ya kuondoka, sisi hubishana mbele ya makaburi.

Na Malawi? Kuingia kulikuwa halali, hilo tumeona. Ugumu ulikuwa kutoka. Februari 2025 Rais Lazarus Chakwera aliamuru jeshi lianze kujiandaa kurudi. Lakini Goma ilikwisha kuchukuliwa na waasi wa M23, uwanja wa ndege umefungwa, na askari wamezingirwa ndani ya kambi zao. SADC ilifunga kazi ya kikosi tarehe 13 Machi. Wa kwanza wakaondoka mwisho wa Aprili, kwa barabara, kupitia Rwanda mpaka Tanzania. Soma tena sentensi hiyo. Walipita katika nchi ambayo Kinshasa inaishutumu kuwasaidia M23, nayo Rwanda inakanusha. Yaani ufunguo wa mlango wa kutokea haukuwa mfukoni mwao wala mwa mwenyeji wao. Wahenga husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hakupona, na mgeni akaomba njia kwa jirani aliyekuwa akigombana na mwenyeji.

Kwa hiyo nikiulizwa kama taifa dogo lijiunge, sisemi hapana. Katanga hii imepitiwa na wadogo wengi: Waswidi na Waayalandi miaka ya 60, Watogo na Wagabon waliokuja pamoja na Wamoroko na Wasenegali baada ya vita vya Kolwezi mwaka 1978. Wapo waliookoa watu. Ningeshauri hivi: liende likiwa na ruhusa au mwaliko ulio wazi, bunge likiwa limepiga kura juu ya idadi na tarehe ya kurudi, na kamanda wake akiwa na haki ya kukataa kupelekwa Jadotville. Na waziri wa ulinzi, kabla hajatia saini, aonyeshe kwa kidole kwenye ramani barabara ambayo askari watarudi nayo, na aseme nani anaishika. Akishindwa, wabaki nyumbani. Wanasiasa watasema nadai makubwa. Mama wa Katuba ataona ni madogo.

Alirudi kikao kilichofuata, na safari hii swali lilikuwa la kwake kabisa: je, mwanangu naye anaweza kutumwa mbali? Nikamwambia limekwisha kutokea. Mwaka 1941 wanaume wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, walivushwa mpaka Abisinia, yaani Ethiopia, kupigana na Waitalia katika vita ambavyo hakuna Mkongo aliyeulizwa, na Desemba ya mwaka huohuo wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, waliogoma kwa ajili ya mshahara, huku vita vikipandisha bei ya kila kitu, walipigwa risasi hapa, kwenye uwanja wa mpira. Mwaka 1983 Mobutu alituma jeshi Chadi kumsaidia Rais Hissène Habré. Aliamua mtu mmoja, kukapambazuka ndege ziko njiani.

«Na leo?» akauliza.

Leo Katiba ya 2006 inasema Rais hutangaza vita baada ya baraza la mawaziri kujadili, baraza kuu la ulinzi kutoa maoni, na Bunge na Seneti kuidhinisha. Kuhusu vikosi vinavyotumwa kusaidia nchi nyingine bila kutangaza vita, ibara hiyo haisemi neno, na hapo ndipo mtu mjanja atapitia. Mama akatoa kalamu na risiti ya unga kwenye kikapu, akaigeuza upande mweupe, akanipa niandike namba. Nikaandika 86, na chini yake jina la mbunge wake, maana alisema halijui.