Meg, yergu, yerek: kuhesabu kwa Kiarmenia cha Magharibi

Kiarmenia kina sura mbili kubwa. Cha Mashariki ndicho lugha rasmi ya Jamhuri ya Armenia. Cha Magharibi kilikuwa cha Waarmenia wa dola ya Waothmani. Baada ya mauaji ya kimbari yaliyoanza 1915 kikatawanyika pamoja na watu wake, wengi wakaenda Lebanoni, Syria, Ufaransa na Marekani, wachache wakabaki Istanbul. Mwaka 2010 UNESCO ilikitaja kuwa kimo hatarini kutoweka.

Moja hadi kumi ni hivi: meg, yergu, yerek, chors, hink, vets, yotə, utə, inə, dasə. Hiyo ə ya mwisho ni irabu fifi, kama mtu anayetaka kutamka “a” akaghairi. Mtu wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, atasema mek, yerku, hing, tasə. Konsonanti zinazoandikwa ni zilezile, ila katika matamshi k na g hubadilishana nafasi, na t ya Mashariki ni d ya Magharibi. Kwa hiyo ukimsikia mtu akihesabu tu, hata kabla hajasema alikotoka, umeshamjua.

Kumi na moja ni dasnmeg, ishirini ni ksan. Kuanzia thelathini kinaingia kiambishi -sun: yeresun, karasun, hisun, vatsun. Elfu ni hazar, neno lililotoka kwa Waajemi.

Kinachonifurahisha zaidi ni had. Asili yake ni punje au mbegu, lakini katika kuhesabu hukaa kati ya namba na kitu: yergu had khntsor, yaani matufaha mawili, kama vile kusema “tufaha, punje mbili”. Tena khntsor yenyewe imebaki katika umoja, kwa sababu namba imeshasema kwamba ni zaidi ya moja. Sisi hatuna raha hiyo. Lazima tuseme vitabu viwili, watu wawili, mayai mawili, halafu tukifika sita kila kitu kinanyamaza: vitabu sita, watu sita, mayai sita.

Sita, saba na tisa hazifuati ngeli kwa kuwa ni za Kiarabu. Zilikuja zikasukuma maneno ya Kibantu: mtandatu, mfungate, kenda. Kenda bado utaikuta kwenye mashairi. Mfungate imekufa kama namba, lakini imeacha fungate, zile siku saba za bwana na bibi harusi.

Namba za Kiarmenia cha Magharibi zinasukumwa kwa njia nyingine. Mtoto aliyefundishwa jedwali la kuzidisha kwa Kifaransa atapiga hesabu kichwani kwa Kifaransa hata kama anamwomba bibi yake chakula kwa Kiarmenia. Nasi tunalijua hilo: mtu anaongea Kiswahili safi dakika kumi nzima, ukimwomba namba ya simu anaitaja kwa Kiingereza.